Treni ya marehemu mzee (Lima) mota inanguruma tu haizunguki, spea hazitengenezwi tena, naombeni msaada

Mwana wa Baharia (Tanga)
Wakuu habari zenu. Najua wengi hapa mnaongelea pampu na mashine za kusaga, mimi ishu yangu ni ndogo kuliko hizo mnisamehe. Marehemu baba alikuwa baharia, mwaka 1983 alirudi kutoka Genova na boksi la treni, zile za umeme kabisa zenye reli za kuunganisha, kichwa kimoja chenye pantografu (ule mkono wa kupokea umeme) juu kimeandikwa FS ubavuni na mabehewa matatu. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kugusa, yeye ndo anaiwasha Idi mosi tukishakula, tunakaa mkekani inazunguka mara kumi, anazima, inarudi juu ya kabati. Basi mpaka Idi nyingine.

Mwezi uliopita tumefungua yale makabati boksi likakutwa lipo zima. Nimefunga reli, nimechomeka transfoma yake ile ile ya zamani, kichwa kinanguruma mmmmm kinatetemeka kama simu iko vaibresheni ila hakisogei hata inchi moja. Nikasema labda kimeganda nikakiacha hivyo hivyo, kama dakika moja nikasikia harufu ya kuungua nikachomoa haraka. Chini kimeandikwa Lima Italy. Kupekua mtandaoni naambiwa kampuni ilishafunga na mota hiyo hakuna anayeitengeneza, kuna mtu Ujerumani anauza iliyotumika ila bei na usafiri inafika hela ya baiskeli. Fundi wa mtaani ameiangalia akasema hii mota imekufa, tupa. Kuna namna wakuu au ndo niiweke sebuleni iwe pambo?

Kijana wa Mjini
Mkuu zipo za betri madukani bei chee kabisa na zinapiga muziki. Unajitesa bure.

Fundi Mota Gerezani
Huyo hapo juu msameheni, hajafiwa.

Mwana wa Baharia, kabla hujaitangazia mota msiba niambie kitu kimoja. Hiyo transfoma nyuma ina skrubu ngapi? Mara nyingi hizo za treni zina mbili zimeandikwa DC volti 12, hizo ndo za reli na ndo zinaongezwa na kupunguzwa na kile kinobu, alafu zinakuwepo mbili nyingine zimeandikwa AC volti 16 au zina alama ya kiwimbi, hizo ni za taa za stesheni na vikorokoro vingine, hazisikii kinobu. Mota yako ina sumaku ya kudumu ndani. Ukiilisha AC inavutwa mbele inavutwa nyuma mara 50 kwa sekunde, haijui iende wapi, inabaki kunguruma na kupika waya wake yenyewe. Ulivyosema tu inanguruma na kutetemeka nikahisi umefunga kwenye kiwimbi. Kaangalie.

Mwana wa Baharia (Tanga)
Aisee. Nimeangalia kwa tochi, kweli kuna alama ya kiwimbi na ndo nilikofunga waya 😭 mzee alikuwa anafunga mwenyewe hakuna aliyewahi kumuona. Nimehamishia kwenye DC sasa kinazunguka ila kwa kusukumwa, yaani kinaanza, kinastuka, kinasimama, nikikigusa kidogo kinaenda tena nusu mzunguko wa tairi. Na cheche ni nyingi. Kwahiyo nimekiua au bado?

Fundi Mota Gerezani
Bado kinapumua. Fungua mota utoe amecha (kile kinachozunguka chenye koili). Kwenye komyuteta (ile sehemu ya amecha inayopokea umeme) utaona vipande vya shaba, hesabu, mota nyingi za aina hiyo vipo vitatu. Chukua mita weka kwenye omu, pima cha kwanza na cha pili, cha pili na cha tatu, cha tatu na cha kwanza. Namba tatu zikilingana koili zote nzima, shida iko kwenye kaboni (vile vipande vyeusi vinavyogusa hiyo shaba kuipa umeme) au uchafu. Moja ikiwa mara mbili ya wenzake ujue koili moja imekatika, kwasababu zimeungwa pembetatu na umeme unalazimika kupita kwenye mbili zilizobaki. Zikiwa hazina mpangilio kabisa, moja iko chini sana, hapo vanishi (ile ngozi ya waya) imeungua waya zimegusana na inabidi kusuka upya.

Ukiwa umeshafungua, futa hiyo shaba kwa pamba yenye spiriti, zile nafasi katikati ya vipande zikwangue kwa kijiti cha meno, SIO kwa pini ya chuma. Masizi ya kaboni yakijaa pale yanapitisha umeme mota inakuwa kama imelewa.

Mwana wa Baharia (Tanga)
Nimepima mara tatu nisije nikaongopa: 19, 19 na 38.

Fundi Mota Gerezani
Hahaha umeona. Koili moja imekatika, sio imeungua. Sasa chukua miwani ya bibi au lenzi uangalie pale waya mwembamba unapoingia kwenye shaba, mara tisa kwa kumi umekatikia hapo hapo kwenye kichomeo, kwasababu ndo panapopata joto na mtikisiko. Ukiuona mwisho wake umening'inia kwarua vanishi taratibu kwa wembe, waya ni kama unywele usiukate, paka rozini (utomvu wa kusaidia risasi ishike), gusa kwa pasi ya kuchomelea ya ncha ndogo yenye risasi kidogo sekunde moja toka. Ukikaa sana plastiki inayoshika ile shaba inalainika na hapo hatutasaidiana tena. Ukiwa mfupi haufiki, unga na waya mwembamba kama huo toka kwenye rilei (swichi ya koili) mbovu.

Dada wa Leicester
Jamani uzi mzuri huu, mimi nipo Uingereza huku, mume wangu ana ugonjwa wa hizi treni chumba kizima siwezi hata kupiga deki. Kaka wa Tanga pole na msiba wa mzee. Nikuongezee ya huku nyumbani kwangu: Lima ilikuwa ya Vicenza, ilifunga 2004 jina likachukuliwa na kampuni ya Hornby, lakini zile mota duara bapa za zamani ndo zimeishia hapo. Sasa wenye nazo huku hawatafuti spea, wanatafuta mgonjwa mwingine. Jumapili kwenye minada ya treni kuna visanduku chini ya meza vimejaa vichwa vibovu vya Lima, ganda limevunjika au havina tairi lakini mota ni ile ile, kwasababu Lima walitumia mota hiyo kwenye vichwa vingi mno, vya Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani. Kwahiyo usitafute kichwa kama chako, tafuta chochote cha Lima chenye mota kama hiyo.

Njia ya pili mume wangu ameifanya kwa vichwa viwili: unatoa matumbo yote ya mota ya zamani unaweka mota ndogo ya deki ya CD. Inaingia humo humo kwenye lile tundu la duara, unairudishia kile kigia cha kwanza kwenye shafti. Inatembea taratibu kuliko hata ilivyotoka kiwandani. Ila mota ya deki imezoea volti chache, 5 au 6 hivi, ukiipa 12 yote inakimbia kama kichaa, inabidi uweke rezista (kipunguza umeme) na usipeleke kinobu mwisho. Mimi kwa hiyo ya mzee wako ningeacha mpaka iwe hakuna jinsi.

Na kitu kingine, safisha magurudumu yote sio ya mota tu. Kwenye hizi Lima boji (kile kigari cha magurudumu chini ya kichwa) ya mota inachukua umeme reli ya upande mmoja na boji nyingine inachukua upande wa pili, ikiwa na uchafu gurudumu mbili tu kila kitu kinasimama na utasingizia mota.

Mwana wa Baharia (Tanga)
Fundi Mota Mungu akubariki. Waya ulikuwa umekatikia pale pale ulikosema. Nimeunga mara ya tatu ndo ikakubali, saivi nasoma kama 13, 13, 13, zote zinalingana!! Kinazunguka mezani bila kusukumwa. Dada wa Leicester asante, nimesafisha na yale magurudumu mengine yalikuwa meusi kama sufuria ya kuni.

Yamebaki mawili. Kaboni moja imeisha imebaki kama punje ya mchele, jirani ananiambia niweke risasi ya penseli. Alafu kigia cha katikati kimoja kimeng'oka jino, kila kikifika hapo kichwa kinaruka tak tak tak.

Fundi Mota Gerezani
Penseli hapana. Ile ina udongo ndani, ngumu na inabana umeme, itakula shaba uliyoihangaikia. Hata kaboni za drili ya umeme wa ukutani sio nzuri sana, zile ni za volti kubwa. Tafuta kaboni ya mota ya volti 12, mfano ya waipa za gari, zina shaba imechanganywa ndani unaiona inang'aa kidogo rangi ya senti. Pima tundu inapokaa kaboni, kata kwa msumeno wa chuma, malizia kwa kusugua juu ya msasa laini mpaka iteleze yenyewe bila kubana wala kuchezacheza. Ukimaliza futa vumbi lote. Na springi usiivute iwe na nguvu ukidhani ndo vizuri.

Otis wa Industrial Area (Nairobi)
Niaje wakubwa, hapo kwa gia niachieni. Usijaribu supaglu, hiyo plastiki inateleza gundi haishiki, jino litatoka siku ya kwanza. Cha kufanya, hesabu meno ya ile gia pamoja na pengo, alafu upime upana wote kutoka ncha ya jino hadi ncha ya upande wa pili. Chukua huo upana ugawanye na meno ukiongeza mbili. Mfano meno 20 na upana mm 11, unagawanya 11 kwa 22 unapata 0.5, hiyo ndo saizi ya jino na kila mtu mwenye anatengeneza gia duniani anaielewa, haijalishi ni ya treni ama ya printa ama ya kamera. Ukiwa na hiyo namba, upana wa tundu na unene, unaweza itoa kwa printa mbovu ya ofisi ama nikuchapishie na printa ya 3D. Ya rezini lakini, ile ya uzi wa plastiki haiwezi meno madogo hivyo. Nitakutumia kwa basi, na nitachapisha tatu maana rezini ni kavu, moja itavunjika tu.

Halafu uliza mbona hilo jino lilitoka. Grisi ya kutoka 1983 imekuwa gundi saa hii. Toa yote kwa spiriti, uweke tone moja la mafuta ya cherehani kwa kila pini. Tone, si kijiko.

Na kwa wale wapenda hesabu: hiyo treni imepunguzwa mara 87, reli yake ni mm 16.5, zidisha mara 87 upate kama 1435. Hiyo ni SGR kabisa. Reli yetu ya zamani ya mita moja ingekuwa mm 11 na nusu.

Kijana wa Mjini
Nimekaa hapa kumbe na mimi nafuatilia 😂 kikitembea weka video mkuu.

Mwana wa Baharia (Tanga)
Otis nimekuelewa sana, meno nimehesabu ni 17 pamoja na pengo. Sasa upana nimejaribu kwa rula ya shule naona mara 9 mara 10, hapo nitakudanganya. Venia (kile kipimo cha vitu vidogo) sina. Ninayemjua mwenye venia mtaani hapa ni mmoja tu, yule fundi aliyeniambia niitupe. Kesho asubuhi naenda kumwazima, sijui nitamwambia ni ya nini.