Altezza yangu ya otomatiki: giaboksi hii ya gia sita itaingia?

Kijana wa Amani
Assalaam alaykum wakubwa. Nna Toyota Altezza otomatiki, injini ya silinda sita, nataka kuigeuza iwe ya klachi. Otomatiki yenyewe imeanza kusitasita kushika gia ya pili, na mafundi wawili washanambia kuifungua ile ni bora ununue nyengine. Sasa kuna muuzaji wa spea za mtumba huko Dar, ana giaboksi ya Altezza ya gia sita. Kanitumia picha, anasema "Altezza ni Altezza, tuma pesa ipande boti kesho". Bei nzuri mno, na hio ndio inayonitia wasiwasi. Niichukue? Na mbali na giaboksi nijiandae na nini?

Gereji Bububu
Waalaykum salaam. Usitume hata shilingi. Fungua boneti, tafuta kibati cha chesisi. Ikianza GXE10 hio ni AS200, injini 1G-FE. Ikianza SXE10 ni RS200, injini 3S-GE ya silinda nne. Zote mbili zilitoka na giaboksi ya gia sita inayoitwa J160, ila mdomo unaofungwa kwenye injini si mmoja. Matundu ya boliti hayakutani. Umesema silinda sita, basi wewe ni 1G. Mwambie muuzaji akupigie picha ya kibati cha gari iliyotolewa ile giaboksi. Picha ya giaboksi iliyopakwa rangi ya fedha haikusaidii kitu.

Drifta wa Fumba
Mbona mnamtisha kijana? J160 ni J160. Wanaitengeneza Aisin, na ndugu zake wamo kwenye Silvia S15 na Mazda MX-5. Ukilazimisha kidogo inakaa.

Gereji Bububu
Yakhe, ndugu ndio, lakini kila mmoja kashonewa nguo yake. Nissan, Mazda na Toyota kila mtu ana mdomo wake na uwiano wake wa gia. Na hilo "kulazimisha kidogo" ndilo linalotuletea wateja gereji. Giaboksi ikikaa hata upenyo wa unywele nje ya mstari wa injini, shafti ya kuingilia inazunguka imepinda. Utasikia mlio ukikanyaga klachi, mara beringi imekwenda, mara sahani ya klachi inakatika katikati. Ukitaka kuchanganya ukoo, tafuta adapta iliyochongwa kwa mashine. Ya kuchomelea mtaani, hapana.

Kijana, kwenye hicho kibati angalia pia mstari wa TRANS/AXLE. Kabla ya mkwaju (/) ni giaboksi, baada yake ni difu, yaani gia za ekseli ya nyuma. Kwa Toyota za kusukuma nyuma kama hizi, otomatiki inaanza na A. Ikiwa kibati cha hio gari ya Dar kimeandikwa J160, angalau unajua hadithi yake ni ya kweli.

Bi Mkubwa wa Chake
Mie naongezea gharama ambazo hakuna muuzaji anayekutajia. Kwenye gari yetu giaboksi ndio ilikuwa kitu rahisi, vidogo vidogo ndio vilivyotumaliza. Unataka pedali ya klachi na breki yake nyembamba, masta silinda na silinda ya chini pamoja na paipu yake, flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini linalobeba klachi), klachi nzima, propela (shafti ndefu ya kwenda nyuma), kiti cha giaboksi na mkono wa gia. Ile sahani nyembamba ya otomatiki haibebi klachi, inatoka. Halafu kuna kiberingi kidogo kinachoingia kwenye tundu la nyuma ya krenkishafti. Injini ya otomatiki mara nyingi haina, na mafundi wanakisahau, kisha giaboksi lazima ishuke tena.

Propela usikate kwa kukisia, pima kwanza giaboksi ikiwa imeshafungwa.

Fundi Umeme Mwanakwerekwe
Upande wangu: stata haitowaka mpaka uunganishe waya za ile swichi inayosoma P na N. Taa ya rivasi nayo inahitaji swichi iliyo kwenye giaboksi mpya. Kontroli boksi (kompyuta ya gari) ya otomatiki itaendelea kuitafuta giaboksi yake, taa ya injini iwake kila siku. Dawa yake ni kontroli boksi ya manyuo, yaani ya gari ya klachi, ya injini ile ile.

Na usitegemee gia ya sita ikupunguzie mafuta sana. Kwenye J160 gia ya tano ni 1.000, ya sita 0.869 tu, yaani mzunguko wa injini unapungua kidogo. Ikiwa difu yako haifanani na ya manyuo, injini italia au itazubaa. Inua nyuma, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Hio ndio namba ya difu.

Kijana wa Amani
Nashukuruni sana. Yangu ni GXE10. Muuzaji katuma kibati baada ya kumbana: SXE10.

Gereji Bububu
Basi mpe salamu. Tafuta GXE10 ya manyuo iliyokatwa nusu, yenye pedali, propela na waya zake. Ghali kwa siku moja, rahisi kwa mwaka. Ikifika bandarini Malindi, hapa Unguja, uwe na risiti mkononi.

Drifta wa Fumba
Hio ya SXE10 alitaka bei gani? Mie nna RS200, gia ya tatu inakwaruza. Nipe namba yake huko kando.