Divai ikichachuka kabla ya kuchukuliwa, hasara ni ya nani? (Mikataba ya Roma na sheria za leo)

Mwanafunzi_wa_Sheria:
Habari wakuu. Nasoma mkataba wa mauzo wa Warumi na nimekwama. Vitabu vinasema mauzo yalifunga kwa ridhaa tu, bila maandishi wala makabidhiano, na kwamba hatari ya mali kuharibika ilimhamia mnunuzi papo hapo, ingawa umiliki ulibaki kwa muuzaji hadi akabidhi. Yaani mtu alipe bei ya divai ambayo bado si yake, tena imechachuka ghalani kwa mwenzake! Ndivyo ilivyokuwa kweli? Na kama ridhaa ilitosha, ile *stipulatio*, yaani ahadi rasmi ya mdomo ya swali na jibu, ilikuwa ya nini? Naomba pia kujua kilichobaki katika sheria za leo.

Ghala_la_Ulpianus:
Karibu ndugu. Hilo "papo hapo" ndilo linalokupoteza. Hatari ilihama mauzo yakishakuwa kamili (*emptio perfecta*), nayo yalikuwa kamili pale tu mali inapojulikana ni ipi hasa, bei ni ya uhakika, na hakuna sharti linalosubiriwa.

Shika hiyo divai yako. Ukinunua "divai yote iliyo katika ghala hili" kwa bei moja ya jumla, mali na bei vyote vinajulikana, kwa hiyo mauzo ni kamili siku hiyohiyo. Ukinunua kwa bei ya kila kipimo, jumla haijulikani hadi divai ipimwe, na kabla ya kupimwa hasara ni ya muuzaji. Halafu kuna kuonja. Pale ambapo mnunuzi ana haki ya kuonja, kuchacha na kuota ukungu ni mzigo wa muuzaji mpaka ionjwe. Akishaonja na kuridhika, imetoka mikononi mwa muuzaji kwa upande wa hatari, hata kama mitungi haijasogezwa hata hatua moja.

Mnunuzi hakuachwa bila kinga. Muuzaji alibaki na wajibu wa kuitunza mali, kwa hiyo uzembe wake ulikuwa hasara yake. Na faida nayo ilihama pamoja na hatari: ng'ombe aliyeuzwa akizaa kabla ya kukabidhiwa, ndama ni wa mnunuzi.

Leo, fungua Sheria ya Kiraia ya Ufaransa ya 1804, kifungu cha 1585 hadi 1587. Bidhaa za kupimwa, kuhesabiwa au za mizani ni hatari ya muuzaji hadi zipimwe. Zikiuzwa kwa jumla mauzo ni kamili. Divai, mafuta na vingine vinavyoonjwa kwa desturi, hakuna mauzo hadi mnunuzi aonje na akubali. Ni ghala lilelile la Kirumi. Tofauti kubwa ni kwamba Ufaransa umiliki nao huhama kwa makubaliano (1583). Ujerumani imekwenda njia nyingine: Sheria yake ya Kiraia (BGB) kifungu cha 446 kinahamisha hatari wakati wa makabidhiano. Afrika Kusini, yenye sheria ya Kirumi-Kiholanzi, bado inauliza swali la zamani: je, mauzo yameshakuwa kamili?

Wakili_wa_Maktaba:
Nijibu la *stipulatio*. Gaius, mwanasheria wa Kirumi wa karne ya 2, anasema wajibu wa mkataba huzaliwa kwa njia nne: kitu, maneno, maandishi au ridhaa. Ridhaa pekee ilitosha kwa mikataba minne tu: mauzo, ukodishaji (pamoja na ajira na kazi za kandarasi), ubia, na uwakala wa bure. Nje ya hiyo, patano tupu kwa kawaida halikukupa dai la kupeleka mahakamani.

Mikataba ya kitu, yaani inayofunga kitu kinapokabidhiwa, Kiswahili kinaitenganisha vizuri sana. *Mutuum* ni kukopa: unarudisha fedha au nafaka ya aina na kiasi hichohicho. *Commodatum* ni kuazima: unarudisha kitu kilekile. *Depositum* ni amana, *pignus* ni rehani. Anayechanganya kukopa na kuazima atakosea pia kujua umiliki umehama au la.

*Stipulatio* iliziba mapengo. "Spondesne, unaahidi kunipa kumi?" "Spondeo, naahidi." Mkopo wenyewe haukuwa na riba, kwa hiyo riba iliahidiwa hivi kando. Vivyo hivyo adhabu ya kuchelewa, na ahadi ya kulipa bei mara mbili endapo mwenye mali halisi angejitokeza na kumpokonya mnunuzi.

Iliharibikaje? Wahusika wasipokuwa pamoja, ni batili, barua haikufaa. Bubu na kiziwi hawakuweza kuifanya. Swali halina sharti lakini jibu lina sharti, batili. Ukiulizwa kumi ukajibu tano, Gaius anasema batili, lakini katika Digesta (mkusanyo wa maandishi ya wanasheria wa Kirumi) kuna maneno ya mwanasheria Ulpianus yanayoikubali kwa tano. Mwaka 472 Kaisari Leo aliruhusu maneno yoyote, na chini ya Kaisari Justinianus hati iliyosema ahadi imetolewa iliaminiwa, isipokuwa ithibitishwe kwamba mmoja hakuwepo mjini siku hiyo nzima.

Tahadhari: usiilinganishe na sharti la sheria ya Uingereza kwamba ahadi inunuliwe kwa kitu cha kubadilishana. Katika *stipulatio* kilichofunga ni umbo la maneno.

Mwanafunzi_wa_Sheria:
Asanteni sana, sasa naona. Swali moja la mwisho: mauzo ni kwa kipimo, siku ya kupima imepangwa, na mnunuzi hatokei. Muuzaji akae na divai ya watu milele?

Ghala_la_Ulpianus:
Ulpianus amelijibu hilo (Digesta 18.6.1.3), na kwangu hiki ndicho kipande kizuri kuliko vyote katika mada hii. Muuzaji anaruhusiwa kuimwaga divai, kwa sababu mavuno mapya yanakuja na mitungi inahitajika. Lakini si mara moja: kwanza amwonye mnunuzi mbele ya mashahidi, aichukue au ajue itamwagwa. Akiweza kumwaga na asimwage, anastahili sifa, na anaweza kudai kodi ya mitungi, mradi iwe kweli alihitaji mitungi mitupu, kwa mfano alitaka kuipangisha au alilazimika kukodi mingine. Bora zaidi, akodi vyombo na aizuie divai hadi arudishiwe gharama, au aiuze kwa nia njema, akijitahidi mnunuzi apate hasara ndogo iwezekanavyo.

Sasa soma Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1980 kuhusu mauzo ya kimataifa ya bidhaa. Kifungu cha 85: mnunuzi akichelewa kupokea, muuzaji azitunze bidhaa, na anaweza kuzizuia hadi alipwe gharama za haki. Kifungu cha 88: anaweza kuziuza baada ya kutoa taarifa. Kilichoondoka ni ruhusa ya kumwaga.