Wi-Fi haionekani Debian 12, na leseni inanichanganya. Nisaidieni kabla sijauza hizi laptopu

Fundi_Uyole
Wakuu, heshima zenu.

Nimechukua laptopu sita za mtumba, zote za aina moja, nizisafishe niwauzie wanachuo hapa Mbeya. Windows za kuchakachua nimeapa siziweki tena, kwa hiyo nimeweka Debian 12, mfumo wa Linux. Sauti safi, kamera safi, Wi-Fi tu ndiyo haionekani. Amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa, inasema chipu ya Wi-Fi ni BCM43142.

Nilisoma kwamba tangu toleo la 12 femuwea (programu ndogo za kuendeshea chipu) zinakuja ndani ya flashi ya kusakinishia. Mbona kwangu hamna? Halafu kuna jamaa kijiweni ananitisha kwamba nikiweka draiva isiyo huria, yaani ambayo msimbo wake umefichwa, kisha nikauza mashine, navunja leseni ya Linux. Ni kweli au ni wivu wa biashara?

MlevisiKahawa
Weka Mint, Linux nyingine, fungua dirisha la kudhibiti draiva, bofya, kanywe chai. Debian ni ya wenye muda.

Mama_Kerneli
Mkuu, ulichosoma ni kweli, ila umechanganya vitu viwili. Femuwea inapakiwa ndani ya kifaa na kufanya kazi humohumo kwenye chipu. Draiva inaingia kwenye kerneli, moyo wa mfumo wenyewe, yaani inakaa sebuleni na wenye nyumba. Wanachama wa Debian walipiga kura mwaka 2022 wakakubali femuwea zisizo huria ziwemo kwenye flashi rasmi. Kwenye hazina ya programu za Debian likazaliwa fungu la non-free-firmware, na toleo la 12 likatoka nalo Juni 2023. Kura ile haikugusa draiva. Chipu yako inataka draiva iitwayo wl, ambayo kiini chake kimefungwa, huwezi kuona kilichomo. Ndiyo maana imebaki kule non-free, fungu ambalo unaliwasha mwenyewe.

Chomeka simu kwa waya, gawa intaneti kwa USB. Fungua /etc/apt/sources.list, ongeza neno non-free kwenye mistari ya deb, kisha:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms

Andaa bando la kutosha maana itavuta na kompaila. Kama Secure Boot (ulinzi unaokagua saini za programu mashine inapowaka) imewashwa, kerneli itaikataa draiva mpaka usajili ufunguo:

sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub

Utaweka nenosiri. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu. Usiogope, chagua Enroll MOK, andika nenosiri lilelile.

Kitasa
Shukuru hujakutana na BCM4312. Ile ina draiva huria, b43, lakini femuwea yake Debian hawana ruhusa ya kuisambaza. Kwa hiyo firmware-b43-installer inaenda kuichukua mtandaoni, kwenye mashine ambayo tatizo lake ni kukosa mtandao. Nilicheka peke yangu kama chizi.

Wakili_wa_Terminali
(Jina tu, mimi si wakili.)

Kerneli iko chini ya GPL toleo la 2, leseni ya programu huria. Leseni hiyo haimzuii mtu kutumia chochote kwenye mashine yake, inambana anayesambaza. Na wewe ukiuza laptopu ambayo diski yake tayari ina mfumo, wewe ni msambazaji. Hapo jamaa yako wa kijiweni ana hoja.

Wapo wanaosema moduli (kipande kinachochomekwa kwenye kerneli, kama draiva) iliyofungwa ikiungana na kerneli inakuwa kazi moja nayo, hivyo GPL inaihusu. Wengine wanapinga, na ubishi haujaisha. Kerneli yenyewe ina msimamo wake: ukipakia wl inajiandika kuwa imechafuka, na moduli ya namna hiyo hairuhusiwi kutumia vipande vya kerneli vilivyowekewa alama ya EXPORT_SYMBOL_GPL. Kwa DKMS, ile zana iliyomo kwenye jina la kifurushi broadcom-sta-dkms, moduli inajengwa kwenye mashine ya mtumiaji. Ukiijenga wewe kabla ya kuuza, umejiingiza katikati ya ubishi. Uza Debian tupu, mteja akishalipa aandike amri zile mwenyewe, hata kama umesimama pembeni unamsomea.

Kuna jambo ambalo jamaa hakukwambia, na mimi naliona zito zaidi. GPL inamtaka anayeuza programu atoe pia msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, au ahadi ya maandishi ya kuutoa, itakayodumu angalau miaka 3. Mafundi wetu wangapi wanafanya hivyo? Tia karatasi moja kwenye kila boksi, na hifadhi picha za diski za msimbo chanzo ambazo Debian wenyewe wanazitoa.

Mama_Kerneli
Naongezea. Hiyo wl, toleo 6.30.223.271, ni ileile tangu 2015. Watunzaji wa Debian ndio wanaishonea viraka kila kerneli inapobadilika. Mwanachuo wako atakapohamia toleo jipya, simu atakupigia wewe.

Kitasa
Kwa nini msing'oe kadi? Tafuta za Atheros zinazotumia draiva ya ath9k kwenye laptopu zilizokufa. Draiva ni huria, imo ndani ya kerneli, na femuwea ya kupakia haihitaji kabisa. Ila hakikisha BIOS, programu inayowasha mashine, haichagui kadi.

Fundi_Uyole
Wakuu, mrejesho. Kwanza nilijaribu wl kwenye laptopu yangu binafsi, imekubali, hiyo skrini ya bluu kidogo inizimishe. Za wateja nimezungukia mafundi wenzangu nikapata kadi tano za ath9k. Nne zimewaka palepale. Ya tano BIOS imeikataa, hiyo na ya sita nitauza tupu na karatasi ya maelekezo. Karatasi za ahadi ya msimbo nimechapisha, mteja wa kwanza kaniuliza kama ni garantii.

Kuna anayehitaji BCM43142? Ninazo nne, nagawa bure.