Land Rover 109 ya petroli inazima ikipata joto, ikipoa inawaka. Naombeni ushauri

Mwana_Newala:
Wakuu, habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini 2.25, silinda nne. Ni gari ya marehemu mzee, aliitumia kusomba korosho kutoka Newala kuja Mtwara mjini, na sisi watoto wake tumekubaliana haiuzwi. Kwa hiyo naomba tusifike kwenye "uza ununue Noah".

Tatizo lenyewe: asubuhi inawaka vizuri. Nazunguka mjini, nafika Mikindani na kurudi, iko safi. Nikishika njia ya Mnazi Mmoja, hasa nikikata kwenda Masasi jua likiwa kali, inazima. Haikohoi, haimisi, inakata kama mtu kazima kwa ufunguo. Stata inazungusha ila haishiki. Nikikaa chini ya mkorosho kama nusu saa, inawaka tena.

Gereji wamebadilisha plagi, wamesafisha kabureta, na koili, ile inayokuza umeme wa betri uwe moto wa plagi, ni mpya, waliifunga kabla ya mfungo. Sasa wanataka ninunue pampu ya mafuta ya umeme. Pesa ya kubahatisha sina. Naanzia wapi?

KusiniKuchele:
Pole mkuu. Hapo petroli inachemka kwenye pampu. Pampu imekaa ubavuni mwa injini, joto likizidi petroli inageuka mvuke na pampu haivuti. Tembea na maji na kitambaa. Ikizima, funika pampu kwa kitambaa kilicholowa, itawaka.

Spana_17:
Toa hiyo kabureta weka Weber, utanishukuru.

MzeeWaPlatini:
Mwanangu, usinunue kitu kwanza. Umesema haikohoi, na hilo ni kubwa. Gari inayokosa mafuta huaga: inakohoa, inashtuka, unakanyaga haiitiki, ndipo inazima. Inayokatika ghafla mara nyingi imekosa moto wa plagi.

Lakini usiniamini mimi, iulize gari, na uiulize palepale ilipozima kabla haijapoa. Ikishapoa ushahidi umekwenda, ndiyo maana gereji hawaoni kitu. Fungua boneti, tazama kikombe cha kioo kwenye pampu: kina petroli au kitupu? Fungua mfuniko wa tenki. Ukisikia unavuta hewa kwa nguvu, kitundu chake cha kupumulia kimeziba. Halafu hakikisha hakuna petroli iliyomwagika, chomoa waya mnene wa katikati kwenye kava la distributa (kigawa moto wa plagi), ushike kwa koleo yenye mpira, ncha iwe kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mwenzako apige stata. Cheche ya buluu inayolia ta-ta-ta, moto upo. Ikiwa njano na nyembamba, au haipo kabisa, achana na habari za pampu.

Moto ukikosekana, nawashuku wawili. Kondensa, kile kikopo kidogo kinacholinda platini, ikichoka hufa kwa joto na kufufuka ikipoa, na platini, vile vichuma vya ndani ya distributa vinavyokata na kuunga umeme wa koili, huungua. Lakini hiyo koili mpya ndiyo inanitia wasiwasi. Zipo aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja inapokea volti 12 moja kwa moja, nayo ina ukinzani wa omu 3 hivi. Nyingine ni ya magari yenye rezista ya kupunguza umeme, ina omu 1.5 hivi. Ukiifunga ya pili bila rezista, umeme unaopita ni karibu mara mbili: koili inachemka na platini zinaungua. Chomoa nyaya zake ndogo, pima kwa mita kati ya nguzo mbili.

Spana_17:
Mzee, koili mpya inasumbuaje?

MzeeWaPlatini:
Upya wake hausemi kwamba ni ya gari hii.

Mwana_Newala:
Mrejesho. Shikamoo mzee. Nimetoka na mdogo wangu makusudi, imezima tulipoipita Mnazi Mmoja. Kikombe kimejaa petroli, mfuniko hauvuti hewa. Waya wa katikati, hakuna cheche hata moja. Koili haishikiki kwa moto. Ilipopoa nikapima: omu 1.6. Platini nyeusi, upande mmoja shimo, upande wa pili kichuguu.

MzeeWaPlatini:
Marahaba. Basi mchawi umempata. Tafuta koili ya volti 12 isiyohitaji rezista, nenda dukani na mita yako, upime kabla hujalipa. Platini na kondensa badilisha pamoja. Platini zikifunguka kabisa ziache nafasi ya milimita 0.35 hadi 0.40, kisha uangalie taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga cheche, maana ukigusa nafasi hiyo taimingi nayo inasogea. Kondensa ya zamani ikiwa bado nzima iweke kwenye gari kama akiba. Za siku hizi nyingine hazidumu.

Mwana_Newala:
Nimepata koili ya omu 3.1. Tumeenda Masasi na kurudi mchana kweupe, haijazima. Asante sana mzee, umetuokolea gari ya baba.

KusiniKuchele:
Hongera mkuu. Mzee, nami niko Lindi, yangu ni Series II, chanya ya betri ndiyo imefungwa kwenye bodi. Koili nifungeje?

MzeeWaPlatini:
Kwako ni kinyume. Waya wa swichi uende kwenye hasi ya koili, wa distributa uende kwenye chanya. Ukigeuza gari itawaka, ila moto wa plagi utakuwa dhaifu. Na hapo Lindi kwenye hewa ya chumvi, fungua ule waya mnene wa betri unaoshika bodi, usugue kwa msasa hadi chuma king'ae, paka grisi ukishakaza.