Wauza injini za boti, acheni kuuza HP (nguvu ya injini) bila kuuliza kimo cha tezi (ubao wa nyuma ya boti inapofungwa injini)!

Wakuu, hii tabia imezidi. Mtu kaundiwa boti ya faiba ya mita saba kwa oda, anaingia dukani, swali analoulizwa ni moja tu: "Unataka HP ngapi?" Analipa, anabebeshwa, kwaheri. Na mafundi wa boti wamo humo humo. Wanapandisha tezi ili mawimbi yasiingie nyuma, halafu hawamwambii mwenye boti kwamba ile injini ya shafti fupi, yaani ya mguu mfupi, aliyoipigia hesabu haifai tena.

Shafti fupi ni inchi 15, yaani sentimita 38. Ndefu ni inchi 20, sentimita 51. Chukua futi kamba, pima wima katikati ya tezi, kuanzia ukingo wa juu inapokaa injini hadi chini kabisa. Usiufuate mlalo wa ubao, utapata namba ya uongo. Injini ikishafungwa, lile bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au lizame sentimita 2 hivi.

Sasa funga shafti fupi kwenye tezi ya sentimita 51 uone. Ukikata kona, au wimbi likiinua nyuma, propela inavuta hewa. Injini inalia kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, boti haisogei. Tazama maji ya kukojoa, ule mchirizi wa maji ya kupoza unaotoka injini: yanakatika, yanarudi, yanakatika. Matundu ya kuvutia maji ya kupoza yako kwenye mguu huo huo, nayo yanakula hewa. Impela, kile kigurudumu cha pampu ya maji hayo, ni ya mpira. Ikizunguka kavu mapezi yanaungua mara moja, kinachofuata ni pistoni kukwama. Kisha mteja anaambiwa "umekosea kuchanganya oili". Oili gani! Injini ya 50 kwa 1 (petroli 50, oili 1) ni mililita 400 kwenye dumu la lita 20, mvuvi anaipima hata gizani.

Shafti ndefu kwenye tezi fupi nayo inaburuta, inarusha maji, na bahari ikipwa inakwangua fungu.

Halafu hii ya kumuuzia HP 40 mwenye boti nzito ya mbao yenye mkuku (mti wa chini kabisa) mrefu. Ikiwa na urefu wa mita 7 majini, umbo hilo halipandi juu ya maji. Linaishia kama kilomita 12 kwa saa, na HP 15 inalifikisha hapo. Zilizobaki ni kuchoma petroli na kuzamisha nyuma.

Na propela! Ni ile ile ya kwenye boksi, iwe boti ya watalii wanne au ya kubeba samaki na barafu. Pakia mzigo wako wa kawaida, fungua gesi yote, soma mizunguko ya injini kwa dakika. Kitabu kikisema 4,500 hadi 5,500 nawe unaishia 4,300, pichi (mwendo ambao propela ingepiga kwa mzunguko mmoja, kwa inchi) ni kubwa, injini inajikaza bure. Inchi moja ya pichi ni kama mizunguko 200, kwa hiyo toka 13 shuka 11. Ikipita 5,500, panda.

Mafundi, andikeni kimo cha tezi kwenye risiti. Na ninyi wa madukani, kama stoo mna shafti fupi tu, semeni mna shafti fupi tu.