HKL: mofimu za Kiingereza zinanichanganya, msaada wakuu

KinaraWaMakole:
Wakuu, habari za jioni. Nipo kidato cha tano, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), hapa Dodoma. Kwenye Kiswahili nakata "a-na-som-a" bila shida, kila kipande, yaani mofimu, na kazi yake. Nikija kwenye Kiingereza nakwama. Nimeandika "-er" ya "teacher" na ya "taller" ni mofimu ileile, nimekosa. "Un-happi-ness" nimekata vizuri tu, nimepewa nusu ya alama. Na "went" inakatwaje?

TichaIpagala:
Mdogo wangu, kukata hujakosea. Umekosea kazi. "Teach" ni kitenzi, ukiweka "-er" unapata nomino, yaani neno jipya. Huo ni unyambulishaji. "Tall" ni kivumishi, na "taller" bado kivumishi, kimeongezewa ulinganisho tu: uambishaji. Umbo moja, mofimu mbili, kama "m-" ya "mtoto" na "m-" ya "mnacheza".

Viambishi vya uambishaji kwenye Kiingereza ni 8 tu, vikariri: "-s" ya wingi, "-'s" ya umiliki, "-s" ya kitenzi ("she runs"), "-ed", "-en" ya "eaten", "-ing", "-er" na "-est" za ulinganisho. Vyote hukaa nyuma. Kwa hiyo ukikuta kiambishi awali, usihangaike, hicho ni unyambulishaji. Ila angalia "-ing": kwenye "a tall building" imeshazaa nomino.

Kuhusu "unhappiness", nadhani hukuonyesha mpangilio. "Un-" hii hupenda vivumishi, kwa hiyo anza "unhappy", ndipo "-ness" iligeuze kuwa nomino. Chora mti, yaani mchoro wa hatua hizo, matawi mawili kila ngazi. Ukichomoa matawi matatu kwenye shina moja, hapo ndipo alama zinapoondoka.

Dada_AreaC:
"Went" haikatiki. Andika: "go" + wakati uliopita. "Sheep" ya wingi weka mofimu kapa, Ø, yaani isiyoandikwa wala kutamkwa, kama ile ya umoja ya "debe" kwenye "debe/madebe".

Wingi wa "-s" nao una alomofu tatu, yaani maumbo matatu ya mofimu ileile: /s/ kwenye "cats", /z/ kwenye "dogs", /ɪz/ kwenye "buses". Sisi wengi tunatamka zote "s", kwa hiyo sikio litakudanganya. Weka vidole kooni, tamka sauti ya mwisho kabla ya "-s": koo likitetema ni /z/, lisipotetema ni /s/. Neno likiishia na sauti kama s, z, sh, ch au j, ni /ɪz/ moja kwa moja. Fuata sauti, achana na herufi: "laugh" inaishia na f, hivyo "laughs" ni /s/.

KinaraWaMakole:
Asante sana mwalimu, asante dada. Basi "singers" ni "sing" + "-er" + "-s", unyambulishaji kwanza, uambishaji nyuma?

TichaIpagala:
Hapo sawa. Sasa chora "unlockable". Ina miti miwili: "un-" + "lockable" ni mlango usiofungika kwa ufunguo, "unlock" + "-able" ni mlango unaoweza kufunguliwa. Weka picha ya daftari hapa tuone.