Jiwe jeusi lililookotwa shambani Newala: nitajuaje kama ni kimondo cha mawe?

Mkulima wa Newala
Ndugu zangu, tulipokuwa tukipalilia mikorosho wiki iliyopita tuliokota mawe mawili meusi, moja kubwa kama nazi na jingine dogo kama yai la kuku. Huku juu kwetu udongo ni wa kichanga, na mtu aweza kulima siku nzima jembe lisigonge jiwe, ndiyo maana tulishangaa. Nilidhani vimondo vyote ni chuma kitupu kama kile cha Mbozi. Je, vya mawe vinatambuliwaje, na vina faida gani kwa wataalamu?

Mwalimu, Masasi
Umefanya vyema kuuliza kabla ya kushika nyundo. Vimondo vinavyoonekana vikianguka, zaidi ya tisa katika kila kumi ni vya mawe. Vya chuma vimejulikana zaidi kwa sababu havifanani na mawe ya kawaida na huvumilia mvua, ilhali vya mawe huharibika upesi katika unyevu kama wa kwetu.

Vya chuma hutokana na magimba ya angani yaliyowahi kuyeyuka, na kuyeyuka huko kulifuta habari za mwanzo. Kondraiti, ambazo ndizo nyingi miongoni mwa vimondo vya mawe, zilinusurika: ndani yake mna chembe za duara, ndogo kama punje za ulezi, zilizokuwa matone ya mawe ya moto yaliyoganda angani kabla Dunia haijaumbika. Katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Meksiko mwaka 1969, mna vipande vyeupe vyenye umri wa miaka bilioni 4.57, na kwa vipande vya aina hiyo ndipo umri wa mfumo wa jua unapohesabiwa.

Usiyaoshe wala usiyaguse kwa sumaku kali, kwa maana itafuta usumaku wa kale uliohifadhiwa ndani. Sugua pembe ya jiwe nyuma ya kigae: likiacha mstari mwekundu au wa hudhurungi, hayo ni madini ya hapa hapa duniani. Likiwa na vitundu vya mapovu, huenda ni mavi ya chuma, yaani masalio ya kuyeyusha chuma. Kimondo huwa na ganda jeusi jembamba, na palipomeguka mara nyingi huonekana kijivu chenye vichembe vinavyometa.

Msomaji, Lindi
Naomba niongeze habari za nchini mwetu, kwa sababu zinanigusa. Desemba 1938 kimondo cha mawe kilianguka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, zikapatikana gramu 705 tu. Ukiacha gesi nyepesi kama haidrojeni na heliamu, uwiano wa elementi zake unakaribiana mno na wa Jua lenyewe, hata kundi zima likaitwa CI, herufi ya pili ikiwa ni ya Ivuna. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilipoleta gramu 5.4 hivi za asteroidi Ryugu, gimba dogo la mawe linalozunguka Jua, mwaka 2020, zilionekana kufanana na jiwe hilo la kwetu. Kwa hiyo, mzee wangu, usilidharau lile dogo. Andika tarehe na mahali, piga picha, liweke pakavu, kisha uwaandikie wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma.

Mkulima wa Newala
Nawashukuru. Lile kubwa limeacha mstari wa hudhurungi, nimelirudisha shambani. Lile dogo halikuacha alama yoyote, na ubavuni lina ganda jembamba lililobanduka kidogo. Nimelifunga kwa karatasi kavu, na kesho asubuhi narudi na watoto kulipima shimo lilikotoka na kulipiga picha.